Kamera Haionyeshi Mlango

Mwezi Mei 2021 nilikuwa Mbebe, wilayani Ileje, naangalia netiboli ya shule za msingi. Ni zile mechi za kuchuja timu ya kata, hatua ya chini kabisa ya ngazi ndefu inayoishia kwenye UMITASHUMTA ya taifa. Sikuwa kazini. Nilikwenda kwa mambo ya kifamilia, ila mwandishi wa habari akisikia filimbi kukaa ndani ni shida.

Robo ya mwisho, matokeo 11 kwa 10, mvua ikashuka. Si manyunyu. Mvua ya Ileje unaiona ikivuka mlima wa pili, na kabla hujamaliza kusema "inakuja" umeshalowa. Watoto wakakimbilia darasani. Darasa limefungwa, ilikuwa Jumamosi. Funguo anazo mwalimu, na mwalimu amekwenda Itumba. Basi tukajibanza chini ya ukingo wa bati, watoto zaidi ya arobaini na watu wazima kama kumi, migongo ukutani, maji yakimwagika mbele ya vidole vyetu vya miguu. Binti aliyevaa GS, mfungaji wa timu iliyokuwa nyuma kwa goli moja, alikuwa bado ameukumbatia mpira.

"Mwalimu, tutamalizia?" alimuuliza mwamuzi.

"Tutaona, mwanangu."

Siku chache baadaye nilikuwa Tunduma, kwenye kibanda cha chipsi, malori yamepanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Rafiki yangu akanisogezea simu. "Ona Kigali, bwana." Ilikuwa Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, msimu wake wa kwanza kabisa. Timu 12, mechi zote katika ukumbi mmoja, kuanzia Mei 16 hadi 30. Rapa J. Cole, yule yule wa Marekani, alikuwa amevaa jezi ya Patriots ya Rwanda. Sakafu inang'aa mpaka unaona kivuli cha mchezaji. Hakuna upepo unaohamisha mpira, hakuna tope, hakuna anayetazama juu kuuliza wingu.

Picha hizo mbili zimekaa nami tangu wakati huo. Humu tumezoea kuchambua riwaya na diwani. Leo naomba niuchambue ukumbi, kwa sababu jengo nalo lina mwandishi, lina msomaji linayemtarajia, na lina mambo linayoyanyamazia.

Tuanze na sifa, maana zinastahili. Ukumbi ule, wakati huo ukiitwa Kigali Arena, ulijengwa na kampuni ya Kituruki ya Summa kwa muda wa takribani miezi sita, ukafunguliwa na Rais Paul Kagame Agosti 2019. Unachukua watu 10,000. Taarifa za wakati ule zilitaja gharama ya zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2022 Benki ya Kigali ilinunua haki ya jina, ndiyo maana sasa tunasema BK Arena. Leo ni kikapu, kesho ni voliboli, keshokutwa ni mkutano. Desemba 2023 Kendrick Lamar alitumbuiza humo, na vijana wa Dar waliokata tiketi ya ndege kwenda kumwona hawakuwa wanatania. Huo ndio ukumbi wa matumizi mengi: sakafu moja, kazi nyingi.

Kama usanifu, una ujasiri wa aina fulani. Umbali mfupi kutoka hapo kuna Kituo cha Mikutano cha Kigali, kilichofunguliwa 2016, kazi ya msanifu Mjerumani Roland Dieterle. Kile kina kuba linalorejelea nyumba ya mfalme kule Nyanza, ile ya nyasi iliyosukwa kwa duara. Ni jengo linalonukuu mapokeo na linataka ujue kwamba linanukuu. Arena inajitegemea kwa kazi yake: paa pana lisilo na nguzo katikati, viti vinavyoteremka, na macho yote yanaangukia kwenye mstatili wa mita 28 kwa 15. Kwa ladha yangu, hilo la pili ni gumu zaidi. Kunukuu ufalme ni rahisi. Kumfanya mtu wa mstari wa mwisho aone kidole cha mchezaji kinavyouachia mpira, hapo ndipo msanifu anapopimwa.

Lakini nimelisoma jengo hili kama wengi wetu tunavyolisoma, kwenye kioo cha simu. Na kadiri nilivyorudia zile video, ndivyo nilivyogundua kitu kimoja. Kamera inaonyesha sakafu, kikapu, paa likimulikwa kwa taa, na usiku inaonyesha jengo zima kutoka angani. Mlango haionyeshi. Anayeingia anaingia vipi, kwa shilingi ngapi, Jumanne asubuhi wakati hakuna mashindano ni nani yumo humo ndani: kamera haina habari. Na sisi waandishi tumeifuata. Tumeusifu ukumbi kama mhakiki anayesifu jalada na ukubwa wa maandishi, kitabu hajakifungua.

Neno lenyewe lingetusaidia kama tungelisikiliza. Kwa wazee wa pwani, ukumbi ulikuwa sehemu ya mbele ya nyumba, hapo anapopokelewa mgeni kabla ya kukaribishwa ndani. Haukuwa chumba cha kifahari. Ulikuwa tendo: mtu kapiga hodi, kajibiwa, kakaa. Leo neno hilo limehamia kwenye jengo linalokodishwa. "Umeshalipia ukumbi?" ndilo swali la kwanza la kamati ya harusi. Maana imegeuka kichwa chini, kutoka mahali unapopokelewa bure hadi mahali unapolipia mapokezi yako mwenyewe. Dar tunao Diamond Jubilee pale Upanga, wenye jina la kumbukumbu ya Aga Khan wa Tatu aliyepimwa uzito kwa almasi mwaka 1946. Ukumbi ule umeona ndondi, umeona muziki, umeona harusi zisizohesabika. Nikimwambia mtu nakwenda ukumbini, haniulizi nakwenda kucheza nini. Ananiuliza nani anaoa.

Kwa hiyo, ukitaka kuhakiki ukumbi, mimi nasema anzia mlangoni. Uliza nani anaufungua, nani anaufunga, na akiufunga yeye yuko upande gani.

Swali hilo si la kinadharia. Pale Remera, jirani kabisa na BK Arena, upo uwanja wa Amahoro, neno la Kinyarwanda lenye maana ya amani. Siku hizi ni uwanja wa kisasa wenye viti 45,000, ulifunguliwa upya 2024. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, uwanja ule ulikuwa chini ya askari wa Umoja wa Mataifa, na watu wanaokadiriwa kufika 12,000 walijihifadhi humo. Hakuna mchoro wa msanifu ulioandika "hapa watu watalala wakisubiri kuishi". Ila ulikuwa na kuta, ulikuwa na mageti, na waliokuwa getini hawakuwatoa watu nje. Geti likifungwa kwa ajili yako linaitwa hifadhi.

Sasa vuka kwenda Nairobi. Viwanja vya Kasarani vilijengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, vikiwa na ukumbi wa ndani ambamo mashabiki wa voliboli wamewashangilia Malkia Strikers miaka nenda rudi. Aprili 2014, baada ya milipuko ya Eastleigh, polisi wa Kenya walifanya msako mkubwa ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, wakiwemo raia wa Kenya, na wengi wakapelekwa Kasarani kuhakikiwa vitambulisho. Serikali ikaitangaza Kasarani rasmi kwenye gazeti lake kuwa kituo cha polisi. Hebu tulia kwenye sentensi hiyo. Uwanja wa michezo, kwa karatasi moja, umekuwa mahabusu, na ukuta haukuongezwa hata tofali. Matumizi mengi, kweli kweli.

Siwaweki Kigali na Nairobi kwenye mizani kusema nani bora. Ninachosema ni kwamba zege halina msimamo. Geti la Amahoro na geti la Kasarani yote ni vyuma tu. Tofauti ilikuwa kwa aliyeshika funguo na kwa sababu aliyokuwa nayo ya kufunga. Mhakiki akiandika kurasa tatu kuhusu paa na asiandike mstari mmoja kuhusu funguo, ameacha sura nzima.

Na sura hiyo ipo tangu mwanzo wa hadithi. Mchezo wa kikapu ulizaliwa Desemba 1891 huko Springfield, Marekani, kwa sababu nje kulikuwa na baridi. Mwalimu James Naismith alikuwa na darasa la vijana waliokuwa wamechoshwa na mazoezi ya ndani, akabuni mchezo wa kuchezea ukumbini. Aliomba maboksi mawili. Msimamizi wa jengo hakuwa nayo, akamletea makapu ya matunda. Yaani hata kikapu chenyewe, jina na umbo, tumekipata kwa mtu wa funguo. Netiboli ilichipuka kutoka huko huko miaka michache baadaye, kule Uingereza, kwa ajili ya wasichana. Michezo hii ni watoto wa paa. Kwetu ikafika bila paa, ikapigiwa nguzo mbili kwenye udongo, na tukaizoea hivyo hadi tukaona ndivyo ilivyo. Mbebe nilishuhudia mchezo uliobuniwa kukimbia hali ya hewa ukisimamishwa na hali ya hewa.

Wenzetu Wajerumani, ambao miji yao midogo ina kumbi nyingi za michezo, wana neno moja refu la kitu hiki: Mehrzweckhalle, ukumbi wa matumizi mengi. Kipimo kilichozoeleka cha ukumbi mkubwa wa shule na klabu huko ni mita 27 kwa 45. Juu darini yananing'inia mapazia mazito mawili. Yakishushwa, ukumbi mmoja unakuwa mitatu, madarasa matatu yanafanya mazoezi kwa wakati mmoja. Yakipandishwa, unapata kiwanja kizima cha mpira wa mikono. Asubuhi ni wanafunzi, jioni ni klabu za mtaa, wazee wa mazoezi ya viungo wana siku yao. Hakuna J. Cole. Watalii hawapigi picha. Ila uzuri wake uko kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni. Ratiba ile ndiyo usanifu wenyewe. Kuta zimeifuata.

Na usifikiri kwamba uzuri wa macho unahitaji mamilioni ya dola. Mwaka 1975 mji wa Mannheim uliandaa maonyesho ya bustani, na Frei Otto pamoja na wasanifu Carlfried Mutschler na Joachim Langner wakatoa jengo linaloitwa Multihalle. Paa lake limepinda kama blanketi lililorushwa na kuganda hewani kabla halijaanguka. Limetengenezwa kwa nini? Kwa mbao za sentimita tano kwa tano. Fundi yeyote wa Tunduma anazijua: mbili kwa mbili. Walizipanga chini kama wavu, zikiwa bapa, kisha wakalinyanyua wavu zima taratibu hadi likajikunja na kusimama lenyewe. Kulipima nguvu, walining'iniza mapipa ya taka yaliyojazwa maji. Lilikusudiwa kuwa la muda tu. Tangu 1998 linalindwa kama urithi wa usanifu.

Ninapolitaja, sisemi tukaombe Wajerumani watujengee. Nasema paa kubwa, jepesi, la kuvutia, linaweza kuanza na mbao ambazo huku Nyanda za Juu Kusini zinapita barabarani kila siku kwenye malori yakielekea Dar. Sisi tunafikiri ukumbi kwa kuanzia na viti 10,000 na kushuka chini. Tukikuta hatuna hela, tunaacha yote. Tungeweza kuanzia na paa na kupanda juu.

Najua nitaulizwa, na swali ni halali. Rafiki yangu mmoja wa chumba cha habari aliniambia bila kuficha, "Kaka, kuna shule hazina madawati, wewe unaleta habari za ukumbi?" Nilimjibu hivi. Fikiria paa la urefu wa mita saba kwenda juu, kiasi ambacho kikapu na voliboli vinahitaji ili mpira usigonge kenchi. Chini yake sakafu ya saruji iliyolainishwa vizuri. Kuta hata zisiwepo kwanza. Watoto wanacheza humo. Siku ya kliniki kina mama wanapima watoto humo badala ya kusimama juani. Mkutano wa kijiji unafanyika na watu hawatawanyiki kwa wingu. Msiba ukitokea msimu wa mvua, familia haikimbizani kutafuta turubai la kukodi wakati marehemu bado yuko ndani. Huo ni ukumbi wa matumizi mengi kuliko wowote niliouona kwenye simu. Na kwa kuwa hauna ukuta, hauna mlango, na kwa kuwa hauna mlango, hakuna wa kuondoka na funguo kwenda Itumba.

Rafiki yangu alicheka. "Hapo umenishika kwenye msiba," alisema. Hakukubali yote. Anasema kitu kisicho na mlango huku kwetu hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe kinaisha: leo bati moja, kesho nondo. Ana hoja. Ukumbi wa Ujerumani unaishi kwa sababu kuna mtu analipwa kuutunza na kuna ratiba ambayo watu wanaiheshimu. Kwa hiyo labda nirekebishe. Mlango si adui. Adui ni mlango ambao hakuna anayejua unafunguliwa saa ngapi.

Ukanda wetu uko kwenye msimu wa kujenga. Tanzania, Kenya na Uganda tunaandaa AFCON 2027 kwa pamoja, na viwanja vinanyanyuka. Arusha peke yake inapata cha watu 30,000. Nitafurahi kama kila mtu. Lakini mpira wa miguu hata kwenye mvua unachezwa. Waliosimama chini ya ukingo wa bati ni wa netiboli, wa kikapu, wa voliboli, wa mpira wa mikono, na ukiangalia vizuri, wengi wao ni wasichana. Nchi iliyomtoa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA mwaka 2009, inajua kwamba urefu wa kimo upo. Urefu wa dari ndio haupo.

Hukumu yangu basi, kama mhakiki anatakiwa kutoa hukumu. BK Arena ni kazi nzuri na ya haraka, imefanya ilichoahidi, na imewafanya vijana wa ukanda huu waamini kwamba jioni kubwa inaweza kutokea karibu na kwao. Kasoro ninayoiona ni ya sisi tunaoitazama. Tumejifunza kutamani sakafu inayong'aa bila kuuliza maswali ya mlangoni. Tukinakili jalada, tutapata ukumbi mmoja mjini, wenye jina la benki, na ukingo wa bati kila mahali pengine.

Kule Mbebe mvua ilikata baada ya saa moja hivi. Kiwanja kilikuwa kimekuwa bwawa, mistari ya majivu imesombwa. Waamuzi wakajadiliana kidogo, kisha mmoja akafungua daftari lenye kurasa zilizolowa na kuandika matokeo kama yalivyokuwa: 11 kwa 10. Timu iliyoongoza ndiyo iliyopita. Ilikuwa imebaki dakika nne, na mpira ulikuwa wa timu iliyokuwa nyuma.

Yule binti wa GS aliurudisha mpira kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwalimu," akavua fulana yenye herufi, akaikunja. Sijui kama angefunga.